Gesi iko kwetu, kwa nini zahanati ichangiwe sola?

Mwana Tandahimba: Ndugu zangu, kijijini kwetu huku Kusini mkutano ni Jumamosi: tuchangie sola ya zahanati au tusubiri nguzo za umeme? Mimi nasema tusubiri. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay 1982, na bomba la kutoka Mtwara limefika Dar tangu 2015. Sisi wenye gesi ndio tuambiwe tutegemee jua? Sola ni ya kuchajia simu. Na wanaoikimbilia ni watu wa msimu tu: korosho ikiuzwa paneli juu ya bati, masika ikifika betri imekufa.

Fundi wa Masasi: Betri haiuawi na masika, inauawa na mwenye nyumba. Betri ya asidi ukiikamua kupita nusu kila usiku, haidumu. Paneli yenyewe inafika miaka 25. Halafu watu wanadhani inakula joto. Inakula mwanga! Mwanga ukigonga silikoni unasukuma elektroni, umeme unatembea. Joto likizidi paneli inalegea, kwa hiyo usiibandike kwenye bati, acha upenyo hewa ipite.

Mama Newala: Mimi sijavuka hapo kwenye "watu wa msimu". Mwanangu, hiyo korosho ya msimu ndiyo imesomesha nusu ya mnaoandika humu.

Mwana Tandahimba: Shikamoo mama. Sijamtukana mkulima. Nawasema wauzaji wanaokuja mwezi wa saba, wanakukopesha paneli, utalipa kwa kilo za korosho. Hiyo siyo kangomba, kuuza korosho kwa mlanguzi kabla ya mavuno?

Mzee wa Mikindani: Kangomba tupu! Mkorosho bado una maua, mzigo umeshauzwa. Stakabadhi ghalani, mkulima apeleke korosho ghalani ziuzwe kwa mnada, iliwekwa kuzuia hayo hayo.

Mama Newala: Nani kakopa? Yangu nimelipa taslimu baada ya mnada. Msinisemee.

Kijana wa Liwale: Jamani, tunazungumzia zahanati. Chanjo zinatakiwa zikae nyuzi 2 hadi 8. Kuna friji za sola zisizo na betri kabisa, zinagandisha barafu mchana, usiku ubaridi unabaki. Na mama anayejifungua saa nane za usiku amulikiwe kwa simu mpaka nguzo zije?

Mzee wa Mikindani: Kangomba mnaichekea. Mwaka 2018 serikali ilipotangaza 3,300 kwa kilo, waliokuwa wameshauza maua walifaidi nini?

Mama Newala: Mzee, hata tuliokuwa na korosho ghalani tulisota kusubiri hela. Usituhesabie faida.

Mwana Tandahimba: Tunahama mada. Fundi, sola hiyo ya zahanati itazungusha mashine ya kusaga?

Fundi wa Masasi: Hapana. Mashine ya kusaga na kuchomelea mara nyingi vinataka umeme mkubwa wa fezi tatu, huko dai nguzo kwa nguvu zote, nipo na wewe. Taa na friji ni mzigo mdogo. Ila mkiweka betri, uamuzi ufanyike kabisa nani atanunua nyingine ikichoka. Sola nyingi za vijijini nimekuta paneli nzima, betri hakuna, na hela ya betri hakuna.

Mzee wa Mikindani: Ikatwe kidogo kwenye kila kilo ya korosho, chama cha msingi cha ushirika kitunze.

Mama Newala: Chama cha msingi? Makato yaliyopo hatujasomewa, mnaongeza mengine! Nitachanga mkononi kwa nesi, mbele ya mkutano, na risiti yangu naondoka nayo.

Mzee wa Mikindani: Nesi akihamishwa je?