Ushauri: hanga ya taulo ya umeme kwa bafu lisilo na dirisha, Mbezi Beach

Ukuta_Mweupe (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri wa wanaoujua umeme na vifaa vya bafuni. Bafu ni la ndani, halina dirisha, lina feni ndogo tu ya kutoa hewa. Vipimo ni mita 1.5 kwa 2, dari mita 2.6. Shawa iko upande wa ukuta mfupi, haina kioo wala beseni, maji yanamwagika moja kwa moja sakafuni. Watumiaji wanne, taulo nne. Masika ikianza, taulo zinanuka uvundo hata kama zimefuliwa juzi.

Nimeona hanga za aina mbili dukani Kariakoo:

Ya kwanza imeandikwa stenlesi, kavu, mabomba sita, 90W, 220–240V, IPX4, plagi ya miguu miwili ya duara.
Ya pili inang'aa kromu, ina kimiminika ndani, 300W, taima ya kidijitali. Bei karibu mara mbili ya ile ya kwanza.

Ipi nichukue? Na LUKU itaumia kiasi gani? Natanguliza shukrani.

Hesabu_ya_Uniti
Nianze na LUKU maana ndiyo rahisi. Wati mara saa, gawanya kwa 1000, unapata uniti. 90W kwa saa 5 kila siku ni uniti 0.45, kwa mwezi 13.5. Ukiwa kwenye kundi la T1, yaani bei ya kawaida ya TANESCO, ambako uniti inazidi shilingi 350 pamoja na kodi, hiyo ni kama shilingi 4,700 hadi 4,900 kwa mwezi. Ukiisahau imewaka saa 24 inakula karibu uniti 65, zaidi ya shilingi 22,000. Ile ya 300W kwa saa 5 ni uniti 45 kwa mwezi, ingawa themostati ikiwa nzima itakata-kata na kupunguza kidogo.

Kama uko D1, kundi la matumizi madogo, angalia sana, kule kikomo ni uniti 75 kwa mwezi. Hanga iliyosahauliwa inaweza peke yake kukutoa kwenye bei ya chini.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Pima taulo kwenye mzani wa jikoni ikiwa kavu, kisha ipime baada ya kujifutia. Tofauti ndiyo maji unayotaka kuyaondoa. Tuseme ni gramu 200. Kuyageuza maji hayo kuwa mvuke kunahitaji kama uniti 0.13, hata kama hakuna joto lolote linalopotea. Kwa 90W hiyo ni saa moja na nusu, na kwa kuwa joto jingi linakwenda ukutani na hewani, hesabu saa tatu hadi nne. Taulo nne ni gramu 800, zaidi ya uniti 0.5. Hanga moja ya 90W haizimalizi usiku mmoja. Panga taulo mbili kwa zamu, au nunua hanga mbili.

Hewa_Kwanza
Mkuu, kabla hujatoa pesa, shughulikia feni. Hanga inatoa maji kwenye taulo na kuyaacha kwenye hewa ya bafu. Hewa hiyo isipotoka, mvuke unakwenda kukaa darini na kwenye maungio ya marumaru, kisha unarudi kwenye taulo hanga ikizimwa.

Bafu lako lina mita za ujazo 7.8. Feni ya milimita 100 iliyoandikwa mita za ujazo 90 kwa saa inabadilisha hewa mara 11 hivi kwa saa, inatosha kabisa. Shida huwa sehemu mbili. Bomba la feni linaishia juu ya jipsamu badala ya kutoka nje, au mlango unabana hadi chini kiasi kwamba feni haina hewa ya kuvuta. Weka kipande cha tishu kwenye feni ukiwa umefunga mlango. Kikidondoka, fungua mlango kidogo ujaribu tena. Kikinata sasa, kata mlango chini uache nafasi ya sentimita 1 hadi 2. Kikidondoka hata mlango ukiwa wazi, panda darini ukaone bomba linaishia wapi.

Na taulo yenyewe. Ya sm 70 kwa 140 yenye gramu 450 kwa mita ya mraba ina uzito wa kama gramu 440. Ya gramu 650 ni nzuri kushika, lakini kwa bafu la Dar lisilo na dirisha ni kazi bure, inashika maji mengi na inakauka polepole. Harufu iliyokwisha kuingia pia haitolewi na hanga. Chemsha hizo taulo au zifue kwa maji ya nyuzi 60 kwanza, halafu ndiyo uanze utaratibu mpya.

Stenlesi_304
Kuhusu vyuma, iache ya kromu. Nyingi za bei hiyo ni chuma cha kawaida kilichopakwa kromu, na kromu ina vitundu ambavyo jicho halivioni. Upepo wa bahari una chumvi, na ukiwa unaoga maji ya kisima yenye chumvi ndiyo kabisa. Kutu inaanzia kwenye maungio, pale bomba dogo linapoingia kwenye nguzo, kisha kromu inavimba na kubanduka kama ganda. Ikitoboka, kile kimiminika kinavuja.

Stenlesi nayo ina daraja zake. 304 ndiyo ya kutafuta. 316 ni bora zaidi kwa pwani lakini kwenye hanga za taulo ni adimu. 201 ndiyo inayouzwa sana kwa jina la stenlesi, ina nikeli kidogo na pwani inapata madoa ya kahawia mapema.

Ukuta_Mweupe
Asante sana wakuu. @Stenlesi_304, nikienda na sumaku si itanionyesha?

Stenlesi_304
Sumaku itakuonyesha chuma cha kawaida tu: ikinata kwa nguvu, achana nayo. Lakini 201 na 304 zote hazinati, au zinanata kidogo sana pale palipokunjwa, kwa hiyo sumaku haitenganishi hizo mbili. Kuna dawa ya matone ya kupimia stenlesi, inatumia betri ndogo, kwenye 201 tone linageuka jekundu. Wauza vyuma wengine wanayo. Mwombe akujaribie sehemu ya nyuma isiyoonekana.

Geuza hanga utazame nyuma. Ulehemu uwe umezunguka bomba lote, usiwe nukta tatu nne. Angalia na skrubu zilizomo kwenye kipakiti: hata hanga nzuri huja na skrubu za chuma cha kawaida. Hizo ndizo zinazoanza kutoa machozi ya kutu kwenye marumaru. Nunua za stenlesi, ni pesa ndogo.

Usafi: kitambaa chenye maji baridi mara moja kwa wiki, kausha. Jiki usiiguse hapo. Klorini inakula stenlesi na kuacha vitundu vyeusi.

Fundi_Ethi
Nimeisoma hiyo lebo na nimekwama kwenye neno moja, plagi ya miguu miwili ya duara. Wakuu, hapa ndipo watu wanapoumia.

Plagi ile ya Ulaya inapata ethi (njia ya kupeleka umeme uliovuja ardhini) kwenye vibati vya pembeni, si kwenye miguu. Soketi zetu za miguu mitatu hazina vibati hivyo. Watu wanachukua kalamu, wanasukuma tundu la juu ili kizuizi kifunguke, wanachomeka miguu miwili, na hanga inawaka vizuri. Inawaka, ndiyo, lakini mwili wake wa chuma hauna ethi. Siku waya wa ndani ukichubuka na kugusa bomba, chuma chote kina umeme na hakuna kinachokata. Anayekuja kukishika amelowa, hana viatu.

Tazama lebo. Ukiona alama ya mraba ndani ya mraba, kifaa kina insulesheni mara mbili na hakihitaji ethi. Kama alama hiyo haipo na waya una rangi ya kijani na njano, lazima ethi ifike. Kata plagi ile, funga ya miguu mitatu yenye fyuzi ya 3A. Usiache fyuzi ya 13A inayokuja nayo. 90W inavuta chini ya 0.4A, na waya wake ni mwembamba, fyuzi ndogo ndiyo inayoulinda. Kisha pima kwa mita kati ya mguu wa ethi na chuma cha hanga, isome chini ya omu 1. Gusa mita kwenye skrubu au sehemu iliyo wazi, rangi inadanganya.

Fyuzi hailindi mtu. Mtu analindwa na breka ya kuvuja umeme ya 30mA, ile yenye kitufe cha T. Kibonyeze kila mwezi, ikate papo hapo. Kama kwenye boksi lako la breka haipo, hiyo inanunuliwa kabla ya hanga.

Sasa mahali pa kuifunga. Kwa bafu lenye shawa isiyo na beseni, kanuni za kimataifa zinahesabu mita 1.2 kutoka kwenye kichwa cha shawa kuwa eneo la maji, hadi kimo cha mita 2.25. IPX4 inavumilia maji ya kurukia, lakini kwa hanga ya kuchomeka kaa nje ya eneo hilo. Soketi na swichi ziwe nje ya bafu kabisa. Na usisahau bomba la kuchambia, lile linafika mbali kuliko shawa.

Ukuta_Mweupe
Kichwa cha shawa kimetokeza sm 30 kutoka ukutani. Nikiongeza 120 nafika 150, na bafu lina urefu wa mita 2. Zinabaki sm 50, na hapo ndipo mlango ulipo.

Fundi_Ethi
Basi bafuni hamna nafasi, na usiilazimishe. Ifunge nje ya mlango, korido au chumbani, mahali penye dirisha. Hakuna sheria kwamba hanga ya taulo ikae bafuni. Nje, ukaukaji ni bora, feni haielemewi, na umeme uko mbali na maji.

Zawadi_ya_Shemeji
Naingilia kidogo. Nina ndugu Marekani anataka kuniletea hanga ya 120V, 100W. Adapta ya plagi inatosha?

Hesabu_ya_Uniti
Hapana, mkuu. Adapta inabadilisha umbo la miguu tu, volti ni zilezile 230. Ukizidisha volti kwa 1.92, wati zinapanda kwa mraba wake, kama mara 3.7. Hiyo 100W inakuwa karibu 370W kwenye waya uliotengenezwa kwa 100. Inaweza kuungua dakika za mwanzo. Mwambie alete kitu kingine.

Sheria hiyohiyo inafanya kazi kinyume mitaa yenye umeme mdogo. Volti zikishuka hadi 190, 90W inakuwa kama 61W. Hanga ikiwa vuguvugu jioni na ya moto alfajiri, si mbovu. Na taima ya kidijitali ikwepe: umeme ukikatika taima nyingi husahau saa, na ukirudi kwa kishindo vibodi vyake hufa kabla ya hita. Taima ya kuzungusha kwa mkono inayochomekwa kwenye soketi inatosha. Umeme ukikatika inasimama tu, ukirudi inaendelea, unaisogeza mwenyewe.

Marumaru_na_Plasta
Kwa kuifunga ukutani: nje ya bafu pengine hakuna marumaru, lakini plasta ipo. Kosa linalojirudia ni kutumia rolplagi (kibomba cha plastiki kinachoshika skrubu ukutani) ya mm 40 iliyomo kwenye kipakiti. Plasta peke yake ni mm 15 hadi 20, penye marumaru na gundi ongeza mm 12 hivi, kwa hiyo sehemu kubwa ya rolplagi imekaa nje ya tofali, tofali imeguswa kidogo tu. Taulo mbili mbichi zikining'inia, na mtoto akivuta, inang'oka na kipande cha plasta. Chukua rolplagi ya mm 8 yenye urefu wa mm 60 hadi 80, skrubu ya mm 5 inayolingana nayo.

Kabla ya kutoboa, tafuta nyaya. Mafundi wengi huzishusha wima kutoka darini hadi kwenye soketi, kwa hiyo usitoboe juu wala chini ya soketi au swichi kwa mstari ulionyooka. Penye marumaru anza na biti ya kigae bila kugonga, drili ikishapita marumaru ndipo ubadilishe biti na kuwasha kugonga.

Kimo: bomba la juu kabisa liwe sm 150 hadi 160 kutoka sakafuni, la chini lisipungue sm 60. Acha sm 8 kati ya mabomba na ukuta ili hewa ipande nyuma ya taulo. Taulo ikunjwe mara moja tu na ikae juu ya mabomba mawili. Ukiikunja mara nne, upande wa ndani unabaki mbichi na uvundo uko palepale.

Ukuta_Mweupe
Nimeelewa. Ya 90W, nje ya mlango, taulo mbili za usiku na mbili za asubuhi. Fundi, nikishafungiwa nikague nini kabla sijalipa?

Fundi_Ethi
Uwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mwambie akupimie ethi mbele yako, kisha bonyeza T kwenye breka na hanga ikiwa imewaka, izimike. Irudishe, iache saa moja bila taulo. Shika kila bomba kwa nyuma ya kiganja: yote sita yawe na joto linalofanana. Bomba likiwa baridi, hita haijafika humo, irudishe dukani siku hiyohiyo na risiti. Mwisho gusa plagi. Ikiwa ya moto, huenda skrubu za ndani hazijakazwa.