Corolla 110: gurudumu la mbele linashika baada ya mteremko. Je, ni mpira wa breki?

Mwenyeji wa Soni (swali)

Wanajamvi, salaam. Ninamiliki Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, injini ya 5A, yenye diski mbele na dramu nyuma, ambayo hupanda na kuteremka barabara ya Mombo hadi Lushoto ikiwa na mboga na abiria wawili watatu. Kwa muda sasa gurudumu la mbele kushoto limekuwa likishika. Nikifika Mombo baada ya ule mteremko wa kona nyingi, rimu ya kushoto huwa ya moto kiasi cha kutoshikika, ilhali ya kulia ni vuguvugu tu, na gari huvuta kushoto hata nikiwa nimeachia pedali. Kinachonishangaza ni kwamba nikikanyaga breki ghafla, gari huvuta kulia kwanza, kisha hutulia, na nikiachia ndipo linapoanza kuvuta kushoto. Nikilipumzisha kwa muda, tatizo hutoweka kabisa.

Kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski, imefunguliwa gereji, ikasafishwa, ikawekewa sili mpya ya pistoni na pini zake zikapakwa grisi, lakini hali haikubadilika. Sasa ninaambiwa kuwa masta silinda, ile pampu kuu inayosukumwa na pedali ya breki, imekwisha. Mimi nimeutazama mpira wa breki unaoingia kwenye kalipa: hauvuji, ila pale unapokunjika usukani ukikatwa una nyufa nyembamba sana. Naomba kujua kama mpira usiovuja unaweza kuleta tabu hii, kama ninaweza kubadilisha mmoja tu, na kama mpira wa mtumba unaotoka Japani unafaa, kwa kuwa nimeshatajiwa bei yake na ni nafuu mno. Kazi ya spana za kawaida ninaiweza.

Fundi wa Chumbageni

Ndugu yangu, usinunue masta silinda kwanza. Hiyo dalili ya gari kuvuta kulia unapokanyaga na kushoto unapoachia inaelekeza moja kwa moja kwenye mpira, na kutovuja kwake si ushahidi wa uzima.

Mpira wa breki una tabaka la ndani linalogusana na mafuta ya breki, kisha nyuzi zilizosukwa ambazo ndizo zinazobeba presha, kisha tabaka la nje linaloukinga dhidi ya mawe, jua na maji. Tabaka la ndani likizeeka huvimba au hubanduka, na njia ya mafuta, ambayo hata mpira ukiwa mpya ina upana wa milimita 3 hivi, huzibwa ikabaki tundu dogo. Mguu wako una nguvu ya kuyapitisha mafuta kwenye tundu hilo, ingawa kwa kuchelewa, na ndiyo maana upande wa kulia hukamata kwanza. Unapoachia pedali hakuna nguvu kama hiyo ya kuyarudisha, kwa sababu kinachoirudisha pistoni nyuma ni mnyumbuko mdogo tu wa sili yake. Mafuta hukwama kwenye kalipa, pedi huendelea kubana diski, joto hupanda, na mafuta yaliyofungiwa hutanuka na kubana zaidi. Gari likipumzika yanapenya taratibu kurudi juu, na fundi atakayelikagua asubuhi hatakuta kitu.

Kipimo kifanyike gurudumu likiwa limeshika, kabla halijapoa. Egesha mahali tambarare, weka vigingi kwenye magurudumu ya nyuma, inua kwa jeki na uweke stendi, kisha zungusha gurudumu kwa mkono. Likiwa gumu, legeza nati ya bomba la chuma pale linapoungana na mpira upande wa bodi. Gurudumu likiachia hapo hapo, presha ilikuwa inashikiliwa juu, na waliokuambia habari ya masta silinda wana hoja. Lisipoachia, kaza nati hiyo, halafu fungua nipeli ya kutolea upepo kwenye kalipa. Mafuta yakiruka na gurudumu likalegea, presha ilikuwa imefungiwa kati ya ncha mbili za mpira, na huo ndio mgonjwa wako. Ikiwa nipeli imefunguliwa na gurudumu bado ni gumu, rudi kwenye pistoni na pini za kalipa hata kama zimeshasafishwa. Vaa miwani, kwa kuwa mafuta yatakuwa ya moto, na yakidondokea rangi ya gari yafute mara moja kwa maji.

Ninaishuku masta silinda kwa kiasi kidogo kwa sababu nyingine pia: kwenye magari ya aina hii mfumo umegawanywa kimshazari, gurudumu la mbele kushoto likiwa pamoja na la nyuma kulia. Masta silinda ikishikilia presha, aghalabu haitalisumbua gurudumu moja peke yake.

Muuza Spea Mstaafu

Nimeuza spea Gerezani, Dar es Salaam, kwa miaka mingi, na suala la mpira wa mtumba ninalisema bila kumumunya maneno: usiununue. Injini ya mtumba unaweza kuiwasha ukaisikiliza, na shokapu unaweza kuibonyeza, lakini ndani ya mpira wa breki hutaona kitu. Mpira uliotolewa kwenye gari la mwaka 1998 una umri ule ule wa huo unaoutupa, na zaidi ya hapo umekaa umekauka bila mafuta na ukakunjwa kwenye kontena. Pengine umetolewa kwenye gari lililovunjwa kwa sababu hiyo hiyo.

Kuna jambo la pili linalonitia hofu zaidi, nalo ni mipira inayokatwa na kubanwa ncha kwenye maduka ya mipira ya matrekta na makatapila. Wenye maduka hayo ni hodari katika kazi yao, na mpira wao unaweza kubeba presha kubwa kuliko ya breki zako, ila tabaka lake la ndani kwa kawaida limetengenezwa kwa ajili ya oili ya madini. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 ni ya jamii nyingine kabisa, yenye asili ya glaikoli, na yatalila tabaka hilo. Kinyume chake pia ni kweli: raba za breki huharibiwa na oili ya injini, petroli na mafuta ya taa, kwa hiyo mtu anayesafisha sehemu za ndani za breki kwa mafuta ya taa anaziharibu siku hiyo hiyo. Tumia spiriti au mafuta ya breki yenyewe.

Unaponunua, soma maandishi yaliyo kwenye mpira. Mpira uliotengenezwa kwa kufuata kiwango cha Marekani cha FMVSS 106 huwa na herufi DOT, alama ya mtengenezaji, mwezi na mwaka wa kutengenezwa, kipimo cha tundu, na herufi HR au HL, HR zikimaanisha mpira wa kutanuka kwa kawaida na HL unaotanuka kwa kiasi kidogo kuliko huo chini ya presha. Kiwango hicho kinataka mpira ubebe pauni 4,000 kwa inchi ya mraba kwa dakika 2, kisha ule wenye tundu la milimita 3 au pungufu usipasuke chini ya pauni 7,000. Mpira usio na andiko lolote urudishe, hata kama boksi lake linang'aa. Ulaze pia sambamba na ule wa zamani dukani, uhakikishe kuwa urefu, uelekeo wa ncha na vishikio vya katikati vinalingana, kwa sababu Corolla za miaka hiyo zinatofautiana hata kama kwa nje ni zile zile.

Kuhusu kubadilisha mmoja, ninakushauri ubadilishe ya mbele yote miwili kwa pamoja, maana mpya upande mmoja na mzee upande mwingine hulifanya gari livute. Kama mfuko unaruhusu, badilisha na ya nyuma. Imezaliwa siku moja.

Mwenyeji wa Soni

Ninawashukuru sana, fundi na mzee wangu. Nimefanya kipimo nikiwa Mombo gurudumu likiwa bado limeshika. Nati ya juu ilipolegezwa hakuna kilichobadilika, na nipeli ilipofunguliwa mafuta meusi yaliruka kwa nguvu, kisha gurudumu likazunguka kwa kidole kimoja. Masta silinda nimeiacha ilivyo, na nimenunua mipira mipya ya magurudumu yote manne yenye maandishi aliyoyaeleza mzee. Kinachonisumbua sasa ni nati za mabomba ya nyuma. Zimeshika kutu, na spana ya 10 imeanza kulika kona za mojawapo. Nimeiacha kabla haijawa mviringo kabisa. Naomba pia mpangilio wa kufunga.

Fundi wa Chumbageni

Umefanya vema kuiacha. Nati hizo ni laini na spana ya mdomo wazi huzishika kona mbili tu, kwa hiyo tafuta spana ya mabomba, yaani ringi iliyokatwa mdomo kiasi cha kupitisha bomba, ambayo hukamata karibu kona zote. Piga brashi ya waya, weka mafuta ya kulegezea kutu, uache usiku kucha, na siku ya pili gonga nati kwa nyundo ndogo kuizunguka. Unapofungua, shika ncha ya mpira kwa spana ya pili, na klipu inayoibana ncha hiyo kwenye kishikio iache mahali pake mpaka nati ilegee, kwa sababu kishikio ndicho kinachoizuia ncha isizunguke. Litazame bomba lenyewe wakati nati inaanza kusogea: likijizungusha pamoja na nati, simama, maana litapinda na kukatika. Rudisha nati kidogo, ongeza mafuta, uende mbele na nyuma hadi ziachane. Likikatika, linatengenezwa bomba jipya la chuma lenye mdomo uliokunjwa mara mbili, na wala usimruhusu mtu aunganishe kipande cha mpira na kukibana kwa klemu.

Kabla ya kufungua chochote, tayarisha vifuniko vidogo vya raba vya kuziba mabomba, usije ukaikausha chupa ya mafuta iliyo juu ya masta silinda. Gari lako likiwa na ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge wakati wa breki, jambo hili ni la lazima, kwa kuwa upepo ukiingia kwenye kifaa chake kuutoa ni kazi nyingine kabisa.

Kwa mbele, anza kufunga upande wa kalipa. Ile bolti yenye tundu hufungwa na washa mbili, yaani pete za kuzibia, moja kila upande wa jicho la mpira, na zote mbili ziwe mpya. Washa ya zamani imeshabonyea ikachukua umbo la mahali pake, na ndiyo inayovujisha kazi ambayo kila kitu kingine kimefanywa sawasawa. Hakikisha kijino cha jicho kimeingia kwenye tundu lake kwenye kalipa kabla ya kukaza, kwa sababu ndicho kinachouelekeza mpira usiguse tairi. Kaza kwa Nm (nyutoni-mita) 30 kama una spana ya kipimo. Kisha pitisha mpira kwenye kishikio cha shokapu, peleka ncha ya juu kwenye bodi magurudumu yakiwa yamenyooka, na uanze nati ya bomba kwa vidole vyako mpaka iingie mizunguko kadhaa bila kulazimishwa. Nm 15 zinaitosha.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Nati inapokazwa huuvuta mpira ukajisokota, na mpira uliosokotwa hufa mapema ukiwa umekaa vizuri machoni pa watu. Mipira mingi ina mstari au maandishi yanayokwenda kwa urefu, basi yafuate kwa macho toka juu hadi chini, na yakizunguka, fungua uanze upya. Ukimaliza, kata usukani hadi mwisho kulia na kushoto gurudumu likiwa linaning'inia, kisha tena likiwa limebeba uzito wa gari. Mpira usivutike, usisugue tairi, wala usiguse rimu katika hali zote hizo.

Mama Likoni

Ningependa kuongezea habari ya kutoa upepo, kwa kuwa nami hulihudumia mwenyewe gari la aina hiyo hiyo huku Mombasa. Kaka, mafuta meusi uliyoyaona yatoe yote, usiyaongezee mapya juu yake. Mafuta haya hunyonya unyevu, na sehemu ya unyevu huo hupita kwenye mipira yenyewe. DOT 3 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi joto 205, lakini ikishanyonya maji kiwango chake kinachokubalika ni 140 tu, na kwa mtu anayeteremka milima tofauti hiyo ni kubwa. Kwa safari zako ningeweka DOT 4, ambayo viwango vyake ni 230 na 155, na inaafikiana na raba za gari lako. Nunua chupa iliyofungwa, na itakayobaki imefunguliwa usiitunze kwa ajili ya mwaka ujao.

Anza na gurudumu lenye bomba refu zaidi, ambalo kwa gari lenye usukani kulia kwa kawaida ni la nyuma kushoto, na uikague chupa ya masta silinda mara kwa mara mafuta yasifike chini. Msaidizi wako akanyage polepole, nawe ufunge nipeli kabla hajaachia mguu. Weka kipande cha ubao chini ya pedali ili isigonge sakafu. Masta silinda ya zamani ina sehemu ya ndani ambayo sili hazijawahi kuifikia kwa miaka, nayo huwa na kutu na takataka, hivyo pedali ikizamishwa hadi mwisho sili huchanwa hapo, na mtu aliyekuja kubadilisha mipira huondoka na masta silinda mbovu.

Upepo ukiisha, mtu mmoja akandamize pedali kwa nguvu zote injini ikiwaka, mwingine apite kila kiungo kwa karatasi nyeupe kavu. Rudia ukaguzi huo baada ya mwendo mfupi wa mjini, kabla ya kuliingiza gari mlimani.

Muuza Spea Mstaafu

Bi Mama Likoni amesema kweli, ila dukani chupa hukaa pamoja na zinafanana. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye na mafuta yaliyomo. DOT 5.1 ni ya jamii moja na DOT 3 na DOT 4, na ukiikosa DOT 4 unaweza kuitumia.