Mrejesho: Mzee wangu aliyekuwa anavilia damu

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliomba ushauri kuhusu baba, mgonjwa wa saratani ya tezi dume, aliyeanza kuvilia damu mwilini bila kuanguka wala kugongwa. Wengi mlisema damu imepungua, nimpe rozela na maini. Nawashukuru kwa kutujali, ila tatizo lilikuwa lingine kabisa.

Mkono wa kushoto uligeuka rangi ya zambarau kuanzia kwapani hadi kiwikoni. Zahanati moja huku Mbagala wakamchoma sindano ya maumivu kwenye tako. Usiku huo paja likavimba, likawa gumu kama ubao. Nililia.

Tulipofika Muhimbili wakapima jinsi damu inavyoganda. Chembe sahani (chembe ndogo za damu zinazosaidia kuziba jeraha) ziko sawa, PT (kipimo kimoja cha muda wa damu kuganda) iko sawa, lakini aPTT (kipimo kingine cha muda huo) imerefuka mno. Wakachanganya plazima yake (maji ya damu) na ya mtu mwenye afya, bado ikachelewa kuganda. Hapo ndipo daktari akanieleza taratibu: mwili wa mzee unatengeneza kingamwili zinazoshambulia faktori ya 8, protini ya kugandisha damu. Ni hemofilia (ugonjwa wa damu kutoganda vizuri) ya ukubwani, hakuirithi, na saratani ni mojawapo ya visababishi.

Yuko kwenye prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili. Sindano za msuli, aspirini na diklofenaki ni marufuku. Nimeandika kwenye karatasi nikaibandika kwenye faili lake. Sukari imepanda kidogo kwa sababu ya dawa, tunaifuatilia.

Wiki ya tatu sasa hakuna alama mpya. Jana alitoka mwenyewe hadi barazani, akaomba chai ya tangawizi.