Kifuko cha nyongo kimeshindikana kutolewa kwa matundu, kuna njia nyingine?

binti_kibada: Wakuu habari za jioni. Mama mdogo ana miaka 58, sukari anayo, mawe ya nyongo yamemsumbua muda mrefu anatuliza na dawa za maumivu tu. Juzi kapigwa nusu kaputi kifuko kitolewe kwa matundu, yaani vitundu vidogo tumboni na kamera, daktari kaingia kakuta kimevimba kina usaha kimegandana na utumbo, haoni pa kukata, akaacha. Kaweka mpira wa kutolea maji tu, eti arudi baada ya wiki kadhaa. Huku ukoo mzima unasema daktari hajui kazi. Njia zipi zingine jamani?

sista_thieta: Pole mdogo wangu. Mi naona kamwokoa. Tatizo ni mrija mkuu unaotoa nyongo kwenye ini, upo palepale jirani, kukigandana unaweza ukadhani ndo kamrija ka kifuko, na ukikatwa huo mgonjwa anakuwa manjano, anarudi mezani kwa opareshini kubwa kuliko ya kwanza. Ndo maana hukati mpaka uone vitu viwili tu vinaingia kwenye kifuko, kamrija kake na mshipa wa damu. Usipoona unabadili njia. Kufungua tumbo ipo, ila makovu hayaondoki kisa umefungua. Siku hizi wengi wanatoa sehemu tu, wanapasua kifuko, wanazoa mawe yote, shingo ya kifuko upande wa kamrija inabaki.

mzee_wa_moro: Anywe mafuta ya zeituni na limao, mawe yote yatatoka chooni

sista_thieta: Mzee wangu yale matonge ya kijani ni sabuni iliyojitengeneza tumboni kwa hayo hayo mafuta, mawe yamebaki yalipo.

binti_kibada: Sasa shingo ikibaki dada si mawe yatarudi?

sista_thieta: Ikibaki kubwa wakaishona yanaweza. Wakiiacha wazi, nyongo inaweza kuvuja siku za mwanzo, wanaweka mpira, mara nyingi inakata yenyewe, isipokata wanapitisha kamera mdomoni wanaweka stenti, kibomba kidogo cha kupitishia nyongo, kwenye mrija mkuu.

kaka_dodoma: Baba mkwe alifanyiwa hiyo ya kutoa sehemu, yuko poa. Ulizeni kama kuna haja ya MRI ya mirija, ile picha ya kuonyesha mirija ya nyongo, kabla ya kurudi thieta, na sukari ishuke.

binti_kibada: Asanteni. Mpira unatoa maji ya kijani, ni sawa?

sista_thieta: Ndo nyongo yenyewe hiyo. Ikiacha ghafla kutoka kwenye mpira, mpira ukichomoka, homa au macho ya manjano, msingoje tarehe, mpelekeni usiku huohuo.