Programu huria ni ngumu kwa mtumiaji wa kawaida, au ni mipangilio tu?

Kibodi_Nyeusi:
Wakuu, naomba msaada na maoni pia. Kompyuta kadhaa za kazi zimehamishiwa Linux Mint (mfumo huria unaochukua nafasi ya Windows), zina LibreOffice (programu huria za ofisi) na GIMP (ya kuhariri picha). Malalamiko yanayojirudia ni matatu. Barua iliyoandikwa kwenye Word ikifunguliwa kwa Writer, programu ya kuandikia ya LibreOffice, sehemu ya saini inahamia ukurasa wa pili. GIMP inakataa kuhifadhi JPEG. Na diski ya nje iliyotoka kwenye Windows inasomeka lakini haiandikiki. Haya yana tiba, au programu huria bado ni za mafundi tu?

FundiFaili:
Mkuu, la kwanza chanzo chake mara nyingi ni fonti. Word ilianza kutumia Calibri kama fonti ya kawaida kwenye toleo la 2007, na Calibri ni mali ya Microsoft, haiji na Linux. Writer ikiikosa inaweka nyingine. Herufi za hiyo nyingine zikizidi upana hata kidogo, neno la mwisho linashuka, aya inaongezeka mstari, na ukurasa uliokuwa umejaa unamwagikia wa pili. Weka Carlito, ambayo upana wa herufi zake umelingana na wa Calibri, pamoja na Caladea inayolingana na Cambria, fonti nyingine ya Microsoft. Andika kwenye Terminal:

`sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea`

Funga Writer, uifungue upya. Kwenye kisanduku cha fonti jina Calibri litabaki limelala (italiki), maana yake fonti yenyewe haimo kwenye mashine. Usijali hilo, tazama mistari inakatikia wapi.

Ila Carlito haisaidii kwa Aptos, ambayo Microsoft ilianza kuileta 2023 ichukue nafasi ya Calibri. Hapo mwombe anayetuma atumie Arial au Times New Roman, kwa sababu Liberation Sans na Liberation Serif zina vipimo vilevile. Kama barua ni ya kusoma na kuprinti tu, dai PDF.

Nukta_Mbili:
GIMP iko hivyo tangu toleo la 2.8 la mwaka 2012. Ctrl+S inahifadhi XCF, faili linalotunza tabaka zote (sehemu za picha zilizopangwa moja juu ya nyingine), na JPEG unaipata kwa Ctrl+Shift+E. Kama umefungua JPEG na unataka kuandika juu yake, kwenye menyu ya File kuna Overwrite. Naona uamuzi huo ni sahihi: JPEG haina tabaka, na ikiruhusiwa kama hifadhi ya kawaida mtu atafunga dirisha akidhani kazi yake yote imo.

FundiFaili:
Kwa mhariri wa picha, sawa. Lakini anayekata kingo za picha na kuituma hana habari na tabaka, na kwake hizo ni hatua za ziada kila picha. Huyo asipewe GIMP kabisa. Mint inakuja na Pix, inakata, inazungusha na kupunguza ukubwa, na inahifadhi JPEG moja kwa moja. Lawama nyingi kwa programu huria zinatokana na kumpa mtu chombo kisicho cha kazi yake.

Nukta_Mbili:
Hapo nakubali.

Kuhusu diski: Windows yenye Fast Startup haizimiki kabisa, inalala nusu, na diski za NTFS (mpangilio wa faili wa Windows) zilizokuwa zimechomekwa zinabaki na alama kwamba bado zinatumika. Linux ikiiona alama hiyo inakataa kuandika ili isiharibu data. Rudi kwenye Windows, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `powercfg /h off`, kisha `chkdsk E: /f` (badilisha E kwa herufi ya diski yako). Ichomoe kwa Eject. Usilazimishe kutoka upande wa Linux, utapoteza kilichokuwa hakijaandikwa.

Kibodi_Nyeusi:
Shukrani wakuu. Wengine wanalalamikia menyu za Writer, wamezoea vitufe vya Word. Na je, iwekwe ihifadhi docx, aina ya faili la Word, daima?

FundiFaili:
View, User Interface, chagua Tabbed, kisha Apply to All. Hii ingeulizwa mara ya kwanza mtu anapofungua programu, kuificha kwenye menyu ni kosa la usanifu.

Docx inawekwa kwenye Tools, Options, Load/Save, General. Iweke kwa wanaobadilishana mafaili na watu wa Word. Nyaraka za ndani zibaki ODT, aina ya faili la Writer yenyewe, maana kila safari ya kwenda docx na kurudi inaweza kuchezea majedwali na namba za orodha.

Faili likiharibika hata fonti zikiwepo, ripoti kwenye bugs.documentfoundation.org. Lipunguze hadi kurasa chache zinazoonyesha kasoro, futa majina ya watu, ambatanisha na PDF iliyotolewa na Word yenyewe. Tatizo moja kwa ripoti moja. Ukichanganya matatu, hata msanidi mwenye nia njema atashindwa kuifunga.