MJADALA: Sizoni nzima kwa mkesha mmoja, au episodi moja moja?

Wadau, hoja hii imekuwa ikirushwa nusu nusu katikati ya mazungumzo mengine na kila mara inaishia kwenye utani. Naileta mezani peke yake tuijadili. Tamthilia mpya ikitoka, ni bora tupewe sizoni nzima kwa mkupuo tuikeshee, au itoke episodi moja moja, kwa siku au kwa wiki? Na kuna la pili lililofungamana nalo: tunapompendekezea mtu tamthilia, ni sawa kuisifia kwamba "hii utaimaliza usiku mmoja"?

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kunipinga ajue anapinga nini. Nasema episodi moja moja. Muda wa kusubiri kati ya episodi na episodi ni sehemu ya tamthilia, na anayekesha anaukata.

Naanza na Isidingo, maana wengi wa rika langu hiyo ndiyo iliyotufundisha kufuatilia. Kwao Afrika Kusini ilianza Julai 1998 na ikafungwa Machi 2020. Tanzania tuliiona ITV. Mji wa mgodi wa Horizon Deep, mhusika Barker Haines na hila zake, na mwenzake Cherel ambaye hukujua kesho ataamka na lipi. Mtaani kwetu nyumba zenye televisheni hazikuwa nyingi, kwa hiyo sebule moja ilikuwa inakusanya watu wa nyumba nne au tano. Kazi kubwa ilikuwa kesho yake asubuhi. Jirani yetu mmoja, mama wa makamo, alikuwa akisimulia episodi ya jana huku anapeta mchele barazani, anaiga sauti ya Cherel kwa Kiswahili, ungo unasimama kila akifika penye ugomvi. Tamthilia ilikuwa ya Kiingereza na yeye Kiingereza hakijui. Alikuwa ameelewa kwa sura, kwa muziki, na kwa kuwauliza watoto walioketi chini. Aliyekosa jana alihudumiwa pale. Aliyeona alikuja kubisha kwamba mambo hayakwenda hivyo. Ubishi ule ulidumu mpaka jioni, episodi nyingine inapoanza.

Hebu niambieni, ubishi wa namna hiyo unaupata wapi kwenye sizoni iliyoachiwa yote Ijumaa? Mmoja ameshafika episodi ya nane, mwingine yuko ya pili, wa tatu amemaliza na anaogopa kufungua mdomo asije kummwagia mwenzie mwisho. Watu wanne wameangalia kitu kimoja na hawana la kuongea.

Najua mtu ataniletea Squid Game. Ilitoka Septemba 2021, episodi zote 9 siku moja, na dunia nzima iliizungumzia. Kweli kabisa. Lakini kumbukeni ilizungumziwa kwa muda gani. Wiki chache, halafu kimya mpaka sizoni ya pili Desemba 2024. Sasa weka pembeni yake Game of Thrones, episodi 73 kwa miaka minane, 2011 hadi 2019, kila wiki moja. Ile ya mwisho ilitazamwa na watu milioni 19.3 kwa Marekani pekee usiku ule ule. Wengi waliichukia ile ya mwisho, na hata hasira zao zilikuwa za pamoja, siku moja, juu ya kitu kimoja.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe ya uandishi, maana hapa ndipo naona watu hawatazami kwa makini.

Kukesha na sizoni hakukuanza na Netflix. Sisi tulikuwa tumeshaanza na zile diski za Prison Break na 24, mtu anaazima Ijumaa anarudisha Jumatatu macho mekundu. Lakini zile zilikuwa zimeandikwa kwa televisheni ya kila wiki. Mwandishi alijua mtazamaji ataondoka siku saba, kwa hiyo kila episodi ilibeba mzigo wake: ina mwanzo, ina jambo linalobadilika, ina mwisho unaokuacha na swali. Tarehe 1 Februari 2013 Netflix ikaachia House of Cards, episodi 13 kwa mpigo, na tangu 2012 mtambo wao ulikuwa umeshaanza kukurushia episodi inayofuata bila wewe kugusa kitu. Ukiandika kwa ajili ya mtambo wa namna hiyo, huna haja ya episodi kusimama kwa miguu yake. Unaweza kuchukua hadithi ya saa mbili ukaivuta iwe ya saa nane, katikati hakuna kinachotokea, na mtu hatagundua kwa sababu hajapata nafasi ya kusimama akajiuliza. Ndiyo maana siku hizi unasikia "vumilia, inachanganya kuanzia episodi ya tano". Zamani tamthilia ya namna hiyo ingekufa wiki ya pili.

Tazameni kilichotokea kwa Money Heist. Hispania ilirushwa 2017 ikiwa na episodi 15 za dakika kama 70 hivi. Netflix walipoichukua waliikata upya ikawa episodi 22 fupi. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya ile miisho iliyotushika koo, mwandishi hakuiandika kama mwisho. Fundi wa kukata picha ndiye aliyechagua tukatiwe wapi. Inafanya kazi, sikatai, Profesa, yule kiongozi wa wezi, alitukesha wote. Ila ukirudi kuiangalia polepole unaona mahali mshono ulipo: mazungumzo yanakatika kabla hayajapumua, na episodi inayofuata inaanza kama sentensi ya pili.

Kwa tamthilia za Kituruki jambo hili ni kubwa zaidi, na sisi ndio tunaozitazama kwa wingi. Kule kwao episodi moja ni saa mbili au zaidi, mara moja kwa wiki, ukiweka na matangazo jioni yote imekwisha. Mwaka 2010 waandishi na mafundi wa Istanbul waliingia barabarani kulalamika kwamba urefu ule unawamaliza. Zikija nje zinakatwakatwa. Ertuğrul ilikuwa episodi 150 Uturuki. Netflix ikawa 448. Ile tuliyoiita Sultan, iliyoingizwa sauti za Kiswahili na Azam, ilikuwa episodi 139 kwao. Tuliipokea kwa vipande, usiku kwa usiku, na bado iliteka nyumba nzima, kwa sababu tulipewa muda wa kuiwaza. Nakumbuka watu wazima, wenye heshima zao, wakibishana kama Sultan Suleiman alikuwa na haki kuamuru waziri wake mkuu Ibrahim Pasha anyongwe, mtu aliyekua naye na kula naye. Mmoja akaenda kutafuta historia yenyewe, akarudi na mwaka: 1536, kweli alinyongwa. Mazungumzo yakahama kutoka kwenye tamthilia yakaingia kwenye madaraka na urafiki. Kama angekuwa ameikesha, usiku ule ule angeshakuwa kwenye ugomvi mwingine wa Hurrem, mke wa Sultan, na jambo la Ibrahim lingepita.

Kuna wanaosema, "Mimi nikiangalia mfululizo naelewa na kukumbuka vizuri zaidi." Watafiti wa Melbourne, Australia, waliligusa hili katika utafiti uliochapishwa 2017. Waliwagawa wanafunzi 51 wakaangalia tamthilia moja ya saa sita: kundi moja kwa mkao mmoja, jingine kila siku, jingine kila wiki. Kesho yake waliokaa mkao mmoja ndio waliokumbuka zaidi. Baada ya miezi michache ndio waliokuwa wamesahau kwa kasi zaidi, na wao wenyewe walisema waliifurahia kidogo kuliko wenzao. Kundi ni dogo, nakubali, lakini jaribuni kujipima wenyewe.

Habari ya usingizi siirefushi, kila mmoja anaijua asubuhi yake. Nitasema tu kwamba aliyekuwa bosi wa Netflix, Reed Hastings, mwaka huo huo wa 2017 alisema wazi kwamba mshindani wao ni usingizi. Aliyesema ni yeye mwenye duka.

Sasa niwape haki wanaonipinga, maana wana hoja mbili nzito.

Ya kwanza ni ya kazi. Nesi wa zamu ya usiku, askari wa ulinzi, dereva wa lori anayerudi nyumbani baada ya siku kadhaa, hawa ukiwaambia "saa tatu usiku kila siku" umewafungia mlango. Kwao sizoni iliyokamilika ndiyo njia pekee. Hilo silipingi. Ila kuwa nayo yote mkononi hakukulazimishi kuimeza yote.

Ya pili ni ya pesa, na hii ndiyo inayoniumiza kichwa. Anayelipia mwezi mmoja anataka apate hadithi nzima ndani ya mwezi huo. Ukimpa episodi moja kwa wiki, sizoni ya episodi kumi inamla miezi mitatu ya malipo, na tunajua kampuni nyingine zinarefusha kwa makusudi hayo hayo. Kwenye kisimbuzi ni vilevile: kifurushi kinakata pale steringi anapopigwa risasi, na huna hela ya kuongeza mpaka mwisho wa mwezi. Aliye kwenye hali hiyo akisema "bora niwekewe yote kwenye flashi" namuelewa. Jibu langu kwake ni nusu tu: episodi moja kila siku, kama tamthilia nyingi za jioni zinavyofanya, inamaliza sizoni ya kumi ndani ya wiki mbili na bado inaacha usiku wa kuiwaza. Ya kila wiki naitetea zaidi pale isipomwongezea mtu gharama.

Kwa wasanii wetu naona hoja inaegemea upande wangu zaidi. Siri ya Mtungi, ile ya 2012 ya Cheche mpiga picha wa Bagamoyo, watu walimfahamu Cheche kama jirani kwa sababu alikuja taratibu. Juakali ya Lamata imekuza majina ya waigizaji kwa mtindo huo huo, mtu anamchukia mhusika miezi na miezi. Mtayarishaji wa hapa mara nyingi anapiga picha za mbele huku za nyuma zinarushwa. Akisikia mtaani mhusika mdogo amependwa, anampa nafasi. Kwenye mkupuo kila kitu kimeshafungwa kabla mtazamaji hajasema neno. Country Queen ya Kenya, ya kwanza ya Kenya kubeba jina la Netflix, iliachiwa Julai 2022, episodi 6. Ni kazi nzuri, ina Kiswahili, ina Kikamba, inazungumzia ardhi na machimbo, mambo yanayotuhusu hasa. Ilistahili wiki sita za mabishano vijiweni. Mimi niliisikia mtaani wikiendi moja.

Na wenye maduka wenyewe wameanza kurudi nyuma. Amazon mwaka 2020 waliachia episodi tatu za mwanzo za sizoni ya pili ya The Boys kisha moja kila wiki. Mashabiki walikasirika mpaka wakaishusha alama, na hawakubadilisha. Netflix wenyewe waliigawa sizoni ya nne ya Stranger Things mara mbili mwaka 2022, ya tano wakaigawa mara tatu.

Kuhusu kupendekezeana: naomba tuache kusifia kwa kasi. Ukileta jina la tamthilia hapa, sema ina sizoni ngapi, imeisha au inaendelea, inafaa kuangaliwa na watoto sebuleni au hapana, na kwa nini ilikugusa. Mimi natoa mbili. Breaking Bad, sizoni 5, episodi 62, imekwisha tangu 2013. Ya kwanza ina episodi 7 tu kwa sababu mgomo wa waandishi wa Marekani uliikata; msiihukumu kwa ufupi huo. Watoto walale. Angalia jinsi mhusika mkuu, Walter White, anavyojidanganya kwa hatua ndogo ndogo, ukikimbia huzioni. Ya pili ni Chernobyl ya 2019, episodi 5 peke yake, juu ya mlipuko wa kinu cha nyuklia wa Aprili 1986. Hii hata kama una nguvu ya kukesha, nakusihi chukua moja kwa usiku. Ile ya nne, ya vijana wanaotumwa kuua mbwa waliobaki kwenye vijiji vilivyohamwa, inahitaji mtu alale nayo kabla ya kuendelea.

Uwanja ni wenu. Anayetetea mkesha nina ombi moja kwake kabla hajaanza kunijibu: ataje sizoni aliyoimaliza usiku mmoja mwaka jana, kisha aandike hapa, bila kuichungulia, nini kilitokea kwenye episodi ya nne.