Vitabu vya Kirusi vya kiangazi: nianze na kipi?

Chumbageni77
Wagosi, habari za joto. Likizo ya Desemba hii nataka kusoma fasihi ya Kirusi, lakini ile ya kiangazi: mashamba, mito, dacha (nyumba za mapumziko za shamba), chai nje mpaka usiku. Theluji sitaki. Nasoma Kiingereza kwenye simu, jioni pale Raskazone, kuanzia saa kumi na moja mpaka magharibi. Hela ya vitabu hakuna, kuna bando tu. Nianze na kipi, nakipata wapi, na yale majina marefu mnayashikaje? Kuna aliyenishauri "War and Peace".

Mwalimu_Ngamiani
"War and Peace" weka kando, haikuishii likizo moja. Anza na "The Steppe" ya Chekhov (1888). Mvulana wa miaka 9, Yegorushka, anapelekwa shule mji wa mbali, kapakiwa kwenye gari la farasi na mjomba wake mfanyabiashara na padri mmoja mzee, wao wanakwenda kuuza sufu. Ni Julai, nyika tupu, jua kali, na kinu cha upepo kinachoonekana kwa mbali wala hakisogei. Sura ni 8. Soma moja kila jioni.

Wengi huishia sura ya pili, wanasema hakuna kinachotokea. Kweli hakuna. Chekhov anakusanya joto na ukimya kidogo kidogo, na radi inapopiga sura ya 7 unaelewa alikuwa akiiandaa tangu mwanzo. Mtoto analowa chepechepe, homa inampanda, padri anamchua kwa mafuta na siki. Ukiruka sura za katikati, radi hiyo itakuwa mvua tu.

Baada ya hapo Turgenev, "Bezhin Meadow" (1851), cha jioni moja. Mwindaji kapotea njia, anawakuta wavulana watano wanachunga farasi usiku, maana mchana nzi hawawapi nafasi ya kula. Wanachemsha viazi na kusimuliana habari za mashetani wa mtoni na wa majumbani. Aliyekulia Tanga hapo hahitaji kufafanuliwa kitu.

Vyote ni bure Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, tafsiri za Constance Garnett. Angalia hapa watu wanapokwama: "The Steppe" haiko peke yake, imo ndani ya "The Bishop and Other Stories". Cha Turgenev kimo "A Sportsman's Sketches", juzuu ya 1, na mama huyo kakiita "Byezhin Prairie". Chukua faili la epub lisilo na picha, ni jepesi, na ukishalipakua husomi kwa bando tena.

BintiPangani
Mwalimu kasema vema, ila kumnyima mtu "Anna Karenina" ya Tolstoy sikubali. Kusoma vipande si dhambi. Fungua sehemu ya 3, sura ya 4 na ya 5: Levin, mwenye shamba, anaingia mstari mmoja na wakulima kukata majani kwa mundu wa mpini mrefu. Mwanzoni anatumia nguvu za mikono na mstari wake unapinda. Akiacha kuufikiria mundu, unajikatia wenyewe. Mchana mzee mmoja anavunjavunja mkate kwenye kikombe, anamwagia maji, anatia chumvi, anaelekea mashariki kusali. Levin anaahirisha chakula cha nyumbani na kula naye.

Halafu mwanzo wa sehemu ya 6, kuna ugomvi wa jamu. Mtunza nyumba anashikilia lazima itiwe maji, mama mkwe wa Levin anasema bila maji, tena juu uweke karatasi iliyoloweshwa kwa ramu ili isiote ukungu hata kama barafu hakuna. Nadhani Tolstoy hajaandika ukwe vizuri zaidi ya pale.

Majina: ni jina lako, la baba, la ukoo, kama sisi tu na Juma bin Hamisi. Rodion Romanovich ni Rodion mwana wa Roman. Kinachopoteza watu ni majina ya kubembeleza: Rodya ni yuleyule Rodion, Kostya ni Konstantin. Andika kikaratasi, kila mtu mstari wake, kikae kwenye kava la simu.

Chumbageni77
Asante sana dada, nawe mwalimu. Na Dostoevsky? Nasikia naye ana kiangazi.

Kusi_na_Kaskazi
Anacho, ila cha mjini. "Crime and Punishment" (1866) inaanza mwanzoni mwa Julai, joto la ajabu, chokaa, vumbi, na harufu wanayoijua wasio na uwezo wa kukodi dacha. Si cha ufukweni hicho. Chukua "White Nights" (1848), usiku minne na asubuhi moja. Petersburg iko karibu nyuzi 60 kaskazini, mchana wa Juni unakaribia saa 19 na usiku wenyewe hauwi giza totoro. Watu wamehamia dacha, kijana kabaki peke yake mjini. Bila mwanga huo hadithi haisimami.

Jambo moja: tarehe za vitabu vya kabla ya 1918 ni za kalenda ya zamani ya Urusi, nyuma ya yetu kwa siku 12 karne ya 19, na 13 kuanzia 1900. Kwenye "The Cherry Orchard" (1904), tamthilia ya Chekhov, bustani inapigwa mnada Agosti 22. Kwetu hiyo ni Septemba 4. Wenye shamba wamekaa kiangazi kizima wakipiga soga, na Lopakhin, mfanyabiashara, aliwaambia tangu Mei wakate viwanja vya dacha, rubli 25 kwa desiatina (kama hekta moja hivi) kwa mwaka.